Usiidharau Ndizi Yenye Mbegu



Chukua ndizi mbivu, kisukari au Kampala, uikate katikati kwa kisu, kisha uitazame vizuri. Utaona vidoa vidogo vyeusi vilivyojipanga katika mistari mitatu. Watu huvila kila siku bila kuvijali. Vidoa hivyo ni mbegu ambazo zingekuwapo, lakini hazikupata kukua. Ndizi yetu ni tasa. Haina mtoto ila chipukizi linalotoka ubavuni mwa mama yake, na chipukizi hilo si mtoto hasa, bali ni mama yuleyule aliyesimama mahali pengine.

Kwa jambo hili twafurahi, maana hakuna apendaye kuvunjika meno kwa mbegu ngumu kama changarawe. Lakini furaha hii ina deni lake, nami nataka tulizungumze deni hilo leo. Katika skimu zetu, kutoka Lugari mpaka Shimba Hills na Mpeketoni, mgomba ni chakula cha nyumbani na fedha za karo. Ukiingia ugonjwa ambao mgomba wako hauwezi kuushinda, hautaua mgomba mmoja na kuuacha wa pili. Utaua yote ya aina hiyo, kwa sababu yote ni mgomba mmoja.

KWA NINI MGOMBA WETU NI TASA

Kila kiumbe hupata urithi wake katika mafungu. Mgomba wa mwitu una mafungu mawili, moja kutoka kwa mama na moja kutoka kwa baba. Ukitaka kuzaa, hugawa sawasawa, fungu hili huku na fungu lile kule. Lakini migomba mingi tunayoilima ina mafungu matatu. Jaribu kuwagawia warithi wawili mbuzi watatu, kila mmoja apate sawa na mwenzake, bila kuchinja. Haiwezekani. Ndivyo mgomba unavyoshindwa kugawa urithi wake, na mbegu zinakufa kabla ya kukua.

Wataalamu Simmonds na Shepherd walilieleza jambo hili mwaka 1955. Walionyesha kwamba karibu ndizi zote za kuliwa zimetoka kwa migomba miwili ya mwitu ya Asia, Musa acuminata na Musa balbisiana. Zipo zilizotoka kwa mmoja tu, na zipo zilizo chotara za yote miwili. Ndizi zetu za matoke zatoka kwa Musa acuminata peke yake. Bokoboko na mkono wa tembo zina damu ya yote miwili.

Na matoke yale, ijapokuwa twayaita majina mengi, ni ndugu wa karibu mno. Uchunguzi uliotangazwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba urithi wao karibu haupishani. Mgomba mmoja ulifika zamani katika nchi za Maziwa Makuu, na wakulima wakaugawa chipukizi kwa chipukizi. Kila ulipobadilika kidogo wenyewe, shina likawa jeusi au mkungu ukawa mfupi, mkulima aliuona, akautenga, akaupa jina. Kwa njia hiyo zikapatikana aina nyingi, na hapakuwa na mtaalamu wala maabara. Kumbuka jambo hili, maana nitalirudia.

DENI LENYEWE

Gros Michel, ambayo wengi wetu twaiita Kampala, ilichukuliwa kutoka Martinique ikapelekwa Jamaica mwaka 1835 na mkulima wa kahawa aliyeitwa Pouyat. Ilienea mpaka ikawa ndiyo ndizi ya biashara ya dunia. Kisha ukaja ugonjwa wa Panama, ambao ni kuvu ikaayo udongoni na kuziba mishipa ya mgomba. Mashamba makubwa ya Amerika ya Kati yakaangamia. Kufika miaka ya 1960 wafanyabiashara walikuwa wameiacha Gros Michel na kushika ndizi za jamii ya Cavendish, kwa sababu ugonjwa ule haukuziweza.

Leo upo ugonjwa wa Panama wa namna nyingine ambao waiweza Cavendish. Mwaka 2013 ulithibitishwa kaskazini mwa Msumbiji. Kuvu hiyo ikishaingia katika udongo hukaa miaka mingi sana hata kama hakuna mgomba, wala hakuna dawa ya kunyunyiza iwezayo kuitoa. Sigatoka nyeusi, ile ichomayo majani, ilionekana Pemba mwaka 1987, na baadaye ikaenea. Mnyauko wa bakteria uliingia Uganda mwaka 2001, na baada ya miaka michache ulikuwa umevuka mpaka kuja magharibi ya Kenya. Wakulima wa Busia na Bungoma hawahitaji kuelezwa maana yake.

Sasa tazama tulivyofanya sisi. Tangu miaka ya 1990 twapata miche safi ya maabara, na hilo ni jema, kwa kuwa mche safi hauji na minyoo wala fukusi kutoka shamba la jirani. Lakini wengi waling'oa Muraru, bokoboko na kisukari, wakajaza shamba lote Cavendish. Mche safi si mche usioweza kuugua. Usafi wake ni wa siku ya kupanda tu. Baada ya hapo utakutana na magonjwa yale yale kama mgomba mwingine wowote wa aina yake.

NGUVU YA MGOMBA WA MWITU

Mgomba wa mwitu ni mwembamba, na vidole vyake ni vidogo vilivyojaa mbegu nyeusi. Mwenye njaa akiupata hatashukuru. Lakini umeishi maelfu ya miaka pamoja na magonjwa bila kunyunyiziwa dawa na mtu yeyote, na katika jamii yake imo mingi iliyojifunza kuyashinda. Nao huzaa kwa mbegu, kwa hiyo kila mtoto ni mpya, tofauti na ndugu yake.

Basi watu wakafikiri: tuuoze mgomba wa mwitu kwa ndizi ya kuliwa, tupate mtoto mwenye nguvu za baba na utamu wa mama. Kazi hiyo ilianza Trinidad mwaka 1922, na baada yake Jamaica. Waligundua kwamba Gros Michel, ukiupaka chavua ya mgomba wa mwitu, hutoa mara mojamoja mbegu chache. Miaka mingi ilipita bila kupatikana ndizi ya kuchukua mahali pa mama yake. Huko Honduras, Phil Rowe na wenzake walifanya kazi hiyo hiyo kwa miaka mingi wakapata aina ziitwazo FHIA, na baadhi yake zililetwa mkoa wa Kagera, Tanzania, katika miaka ya 1990.

Karibu nasi zaidi, Uganda walianza kuyaoza matoke katika miaka ya 1990. Walitumia mgomba wa mwitu uitwao Calcutta 4 kama baba. Watoto waliopatikana walikuwa na mafungu manne. Hao wakaozwa tena kwa migomba mizuri yenye mafungu mawili, wakapatikana wajukuu wenye mafungu matatu, yaani tasa, wasio na mbegu, wafaao kupikwa. Mmoja wao ulitolewa kwa wakulima mwaka 2010 kwa jina la Kiwangaazi, maana yake mwenye kudumu. Tanzania nayo mwaka 2021 ilitoa aina nne za jamii hiyo, TARIBAN 1 mpaka 4.

Kwa hiyo jambo hili si ndoto. Migomba hiyo imo mashambani, na watu wanaila.

JE, NI KAZI YA WATAALAMU PEKE YAO?

Wengi watasema hivyo. Watasema, mimi nina ekari chache, nina deni la shamba na watoto shuleni. Nitachezaje na ndizi zisizolika?

Nasema maneno hayo yana haki, lakini si haki yote. Ni kweli kwamba kazi ya Uganda ilichukua miaka zaidi ya kumi, na mkulima mmoja hawezi kuifanya yote. Lakini wataalamu wa kuoza migomba ni wachache duniani, na vituo vyao ni vichache zaidi. Nao hawaijui ladha ya sufuria yako, wala upepo wa kilima chako. Ni nani aliyezitenga aina zile za matoke? Ni mkulima. Ni nani aliyeichukua Gros Michel kutoka Martinique? Ni mkulima. Katika nchi nyingi leo wapo watu wa kawaida, wenye bustani tu nyuma ya nyumba, wapandao mbegu za migomba ya mwitu na kuchanganya maua yao kwa mkono, kwa kupenda tu. Kama wao wafanya kwa mchezo, sisi ambao ndizi ni chakula chetu twaweza kufanya kwa makusudi.

Nami sikwambii utoe shamba lote. Mgomba ukipandwa kwa mita 3 kwa mita 3, ekari moja huchukua mashina yapata 450. Ukitenga mashina matano katika kona, hujapunguza chakula cha nyumba yako kwa kiasi cha kuonekana. Na kikundi cha wakulima ishirini, kila mmoja akitenga matano, kina mashina mia moja. Hilo ni shamba la majaribio, wala halikumgharimu mtu yeyote ekari.

KAZI YENYEWE ILIVYO

Ili ujue kwamba sikudanganyi kuwa ni rahisi, nitaieleza.

Mkungu unapotoka, vichane vya juu ndivyo maua ya kike, yatakayokuwa ndizi. Lile ua jekundu linaloning'inia chini lina maua ya kiume yenye chavua. Kabla ganda la kwanza halijafunguka, uvike mkungu wa mama mfuko wa kitambaa chepesi, ili nyuki, ndege na popo wasilete chavua nyingine. Kila asubuhi, tangu saa moja mpaka saa nne, fungua mfuko utazame. Kichane kilichofunguka siku hiyo ndicho tayari. Chukua maua ya kiume ya mgomba wa mwitu yaliyofunguka asubuhi hiyo hiyo, uyasugue taratibu juu ya ncha za maua ya kike, kisha ufunge mfuko tena. Fanya hivyo kila siku mpaka vichane vyote viishe. Funga kitambulisho, uandike jina la mama, jina la baba na tarehe. Kazi isiyoandikwa ni bure.

Ngoja mkungu ukomae, miezi mitatu au zaidi. Uache uive kabisa, kisha uponde ndizi zote katika maji na kuchuja. Mbegu nzuri huzama, mbovu huelea. Na hapa ndipo moyo wa wengi huvunjika, kwa maana huenda ukaponda mkungu mzima usipate hata moja. Cavendish karibu haitoi mbegu kamwe. Matoke mengine hutoa chache, mengine hayatoi kabisa. Muraru, ambao una mafungu mawili, ni ndugu wa Mchare wa Kilimanjaro, na Mchare umekwisha kutumiwa kama mama katika majaribio ya Arusha, lakini nao mbegu zake ni haba.

Mbegu ikipatikana, loweka siku chache, uipande katika mchanga mwepesi mahali penye joto la mchana na ubaridi wa usiku. Yaweza kukaa wiki nyingi au miezi bila kuota. Ndiyo sababu wataalamu huitoa kiini chake na kukilea katika chupa maabara. Mche ukiota, utangoja mwaka mmoja na nusu au zaidi kuona mkungu wake. Watoto wengi watakuwa wabaya kuliko mama. Wengine watakuwa na mbegu kama baba. Ili kujua mtoto aliyerithi nyama, uvike mkungu wake mfuko usipate chavua yoyote. Vidole vikijaa vyenyewe, huyo ana urithi wa ndizi ya kuliwa. Vikibaki vyembamba, huyo ni wa mwitu.

Mvumilivu hula mbivu. Lakini mvumilivu wa kazi hii lazima ajue mapema kwamba huenda atakayekula ni mtoto wake.

MAMBO YA HATARI

Sasa nisikilizeni kwa makini, maana hapa ndipo mtu mwenye bidii aweza kuharibu nchi.

Kwanza, usilete chipukizi lolote kutoka ng'ambo ya mpaka kwa kulificha katika gunia au chini ya kiti cha basi. Donge la udongo lililoshika mzizi lingetosha kuleta ugonjwa wa Panama wa Msumbiji katika skimu yako, na wajukuu wako wasipande ndizi mahali hapo. Mimea ya kigeni ina njia yake. Ni kibali cha KEPHIS, na ukaguzi katika kituo chao cha karantini kule Muguga. Njia hiyo ni ndefu, lakini ndiyo ukuta wetu.

Pili, usidanganywe na mgomba mwitu wa mabondeni na misituni mwetu, ule mnene chini, usiotoa machipukizi, wenye mbegu kubwa nyeusi. Huo si mgomba wa jamii ya ndizi hasa. Ni ensete, ndugu wa mbali, ambaye Waethiopia humlima kwa ajili ya shina na kiazi chake. Hautazaa na ndizi yako hata ukisugua maua mwaka mzima. Lakini usiukate, nao una kazi yake. Mgomba wa mwitu wa kweli, Musa acuminata, uko kisiwani Pemba, ambako ulifika zamani kutoka Asia.

Tatu, jihadhari na Musa balbisiana. Una nguvu kubwa, na umeonekana kuushinda mnyauko wa bakteria ambao ndizi zetu hazikuuweza. Lakini ndani ya urithi wake hulala virusi vya ugonjwa wa michirizi, na vyaweza kuamka katika watoto chotara. Kazi ya huo iachiwe vituo vyenye vyombo vya kupima.

Nne, usigawe machipukizi ya mche wako mpya kwa jirani kabla haujapimwa. Upendo wa namna hiyo ndio uliosambaza magonjwa mengi ya migomba.

NINAYOWAOMBA

Kwako wewe mkulima, naomba mambo matatu ambayo hayahitaji mgomba wa mwitu wala maabara. Usiwe na aina moja tu shambani. Weka walau tatu au nne, za kale na za kisasa, ili ugonjwa ukija usikukute huna kitu. Ukimiliki Muraru wa baba yako, au bokoboko wa mama mkwe wako, usiung'oe kwa sababu soko la leo halilipi vizuri. Huenda mama wa ndizi ijayo ni huo. Kisha, tembea katika migomba yako ukiwa na macho. Shina likibadilika, mkungu ukiwa wa ajabu, au mgomba mmoja ukisimama mzima katikati ya wagonjwa, tia alama, umwite bwana shamba. Na ukiuma ndizi ukakuta mbegu ngumu, usiiteme uani. Ioshe, ikaushe, iandike imetoka mgomba gani, umpelekee yeye. Mbegu hiyo yaweza kuwa mtoto wa kwanza wa mgomba ule tangu uje duniani.

Kwa wakubwa wetu wa kilimo, naomba jambo moja, na naliomba kwa heshima. Vituo vya utafiti na vyuo vya kilimo viweke mahali penye usalama migomba michache ya mwitu na ile migomba mizuri yenye mafungu mawili, iliyokaguliwa na kuthibitishwa. Kikundi cha wakulima kilichofundishwa kiruhusiwe kuja asubuhi kuchukua maua ya kiume, na mbegu zitakazopatikana zirudi kituoni zilelewe katika chupa. Kwa njia hiyo hakuna chipukizi litakalovuka mpaka gizani, mtaalamu atapata mikono mia badala ya miwili, na mkulima ataonja matunda kabla jina halijaandikwa katika kitabu. Ndizi ngapi zimetolewa na wataalamu zikiwa na mikungu mikubwa, kisha mama wa nyumba akaipika mara moja, akasema haina ladha, ikaishia kwa ng'ombe? Angeulizwa mapema, miaka mingi isingepotea.

Wako watakaosema kwamba serikali imekwisha kutuletea miche ya kutosha, tupande tunyamaze. Nawajibu kwamba mche hununuliwa, lakini aina mpya huzaliwa, na huzaliwa kwa watu waitafutao. Watu wa Trinidad mwaka 1922 hawakungoja Gros Michel ife yote ndipo waanze. Nasi Cavendish yetu ingali mizima katika skimu nyingi. Huu ndio wakati wa kutenga yale mashina matano.